Limi na Mtoto wa Buzinda

Njaa ya mtoto haingoji baraza. Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkaja kuniuliza ilikotoka. Basi, aliyeizaa methali hii aliitwa Limi, na ilianza hivi.

Dola kubwa ya Buzinda iliitoza Ulemba kodi ya chumvi tangu enzi za mababu. Ulemba ikagoma, wakapigana mpaka mashamba yakakosa wa kuyalima. Mwishowe wakakubaliana kupatana kwa desturi: kila upande ulete mama anayenyonyesha, wabadilishane watoto. Waliokwisha kunyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawapigani. Ila upande utakaotangulia kumtoa mtoto ndio ulioomba amani: Buzinda ikitangulia, haitadai kodi tena; Ulemba ikitangulia, itaendelea kuilipa.

Limi wa Ulemba alisimama kwenye mstari wa unga uliotenganisha pande mbili, mwanawe Shija amelala kifuani. Alikuwa ameambiwa kwamba wanawake wa Buzinda hupaka sumu kwenye chuchu. Tena watoto hawakuwa wamenyonyeshwa tangu alfajiri, wasije wakalikataa ziwa geni.

“Tangulieni nyinyi, walipa kodi,” alisema mzee wa Buzinda. “Babu yako alipiga magoti hapa hapa.”

“Alikuwa anachomoa mwiba,” alijibu mzee wa Ulemba. “Tangulieni nyinyi.”

Jua likapanda. Mtoto wa Buzinda alilia hadi sauti ikamkauka. Maziwa ya Limi yakachuruzika yenyewe, yakalowesha kanga.

“Dada, huyo atazimia,” Limi alimwambia Kabula, mama wa mtoto yule. “Nipe.”

“Wamenikataza.”

“Hata mimi sikutumwa kuomba. Nipe.”

Kabula akawatazama wazee, akamtazama mwanawe. Akampa. Mikuki ya Buzinda ikainuka, lakini nani angeirusha, na mtoto wao yuko kifuani mwa Limi, ananyonya?

Shija naye akaamka, akaanza kulia. Kabula akanyoosha mikono.

“Usimpe kwanza,” mzee wa Ulemba alimnong'oneza Limi. “Tumeshawashinda. Tuwadai na malisho ya kaskazini.”

Limi alimgeukia. Habari ya sumu ile alikuwa ameambiwa na mzee huyu huyu.

“Mzee wangu,” alisema, “njaa ya mtoto haingoji baraza.”

Akampitisha Shija juu ya mstari. Mtoto alinusa, akageuza uso, akanusa tena. Kisha Limi akamsikia akimeza, funda moja, na jingine, na pande zote mbili mikuki ikateremka.

Kodi ya chumvi iliishia siku hiyo, na kwenye malisho ya kaskazini wakachunga pamoja. Sasa mnajua kwa nini shangazi yenu aliinuka katikati ya kikao kwenda kunyonyesha, akawaacha wakwe wakibishana: njaa ya mtoto haingoji baraza.