Mnunuzi wa Jumla

Jumapili ya kwanza ya Agosti, kanisa la mtaa wa Mbaregha, katika milima ya Upare, lilikuwa na kuta na kenchi za mbao za kubebea mabati, lakini halikuwa na paa. Kuta zilikuwa za tofali za udongo zisizochomwa. Kama mvua za vuli zingezikuta wazi, kuta hizo zingerudi kuwa udongo. Mtaa, yaani tawi la usharika, haukuwa na mchungaji wake. Uliongozwa na mwinjilisti aitwaye Elinaja, na ni yeye aliyewashawishi watu wabomoe kanisa la zamani.

Fedha za mtaa zilitoka kwenye mnada. Asiye na fedha alileta alichonacho: yai, chane ya ndizi, kuku. Baada ya baraka watu walitoka nje, na Mzee Kadeghe, dalali wa mtaa, alinyanyua kitu kimoja kimoja.

"Yai hili limetagwa na kuku wa mjane," alisema. "Halijawahi kumsengenya mtu. Nani analitaka?"

Aliyelinunua, mara nyingi alilirudisha, likauzwa tena, na wa pili naye akalirudisha. Ilitokea kuku akauzwa mara nyingi mpaka mchana, kisha akalala nyumbani kwa mwenyewe. Kilichopatikana hakikuwa kingi. Lakini mnada ulipokwisha watu wote walikuwa bado pale, wakicheka, na hapo Mwinjilisti alitaja kazi ya siku hiyo: mawe, mchanga au maji. Walikwenda pamoja. Kuta zilisimama hivyo.

Mtu mmoja wa mtaa huo, Bwana Senzighe, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, chini ya mlima. Alikuja kusali Jumapili hiyo, akasimama juani mpaka mnada ulipokwisha, kisha akawaendea wazee wa kanisa.

"Wazee wangu, shikamooni. Mnauza yai moja mara nne kama watoto wanaocheza duka. Wekeni vyote mlangoni. Kila Jumapili nitaleta pikipiki, nitanunua vyote kwa bei nzuri, na watu waende wakapumzike."

Hakuomba kiti cha mbele, wala jina lake kuandikwa ukutani. Alitoa alichoahidi na hakukosa hata Jumapili moja. Wazee walikubali siku hiyo hiyo, na Mwinjilisti alimshukuru Mungu hadharani. Mzee Kadeghe peke yake aliuliza, "Na mimi nitanyanyua nini?" Wakacheka, wakaagana.

Tangu hapo ibada ilikwisha mapema. Vitu viliwekwa kwenye kapu mlangoni, pikipiki ikavichukua. Waliozoea kuleta mayai wenyewe walianza kuwatuma wajukuu. Hazina ya mtaa ilijaa kuliko ilivyowahi kujaa, na mwanzoni mwa Oktoba mabati yalinunuliwa yote kwa pamoja. Lori liliyafikisha shuleni, mahali barabara inapoishia. Kutoka hapo hadi kanisani ni njia nyembamba ya miguu na pikipiki, na ni mlima.

Mwinjilisti alitangaza msaragambo, kazi ya pamoja, Jumapili baada ya ibada. Baraka ilipotolewa, watu walikwenda nyumbani kama walivyozoea. Waliobaki ni wazee wa kanisa, na wengi wao walikuwa wakitembelea fimbo. Juma lile Mwinjilisti alipita nyumba kwa nyumba. Alimkuta Mchome, aliyebeba mawe ya msingi kuliko mtu yeyote, akimkatia ng'ombe majani.

"Karibu, Mwinjilisti. Hayo mabati, mnalipaje kwa bati moja?"

"Ni kanisa lako, ndugu yangu."

"Lilikuwa langu. Siku hizi lina mnunuzi. Mnunuzi na abebe."

Aliyasema hayo bila hasira, akaendelea kukata majani. Nyumba iliyofuata walimjibu kwa upole zaidi, lakini jibu lilikuwa lile lile.

Bwana Senzighe alipigiwa simu. Alituma fedha za wabebaji kabla jua halijazama. Wabebaji waliopatikana walikuwa watu wa mtaa wenyewe, kwa kuwa hakukuwa na wengine mlimani. Walipanda na mzigo wa kwanza, wakapanga foleni mbele ya Mwinjilisti, wakapokea ujira wa kubeba paa la kanisa lao. Hakuna aliyeimba. Bwana Senzighe alikuwa ametoa kuliko wote; ni kitu gani hasa alichokuwa amekinunua?

Mwinjilisti hakuwaita tena kwa mzigo wa pili. Jumapili iliyofuata mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Alitoa baraka, akatangulia nje, akaingiza mkono kwenye kapu la mlangoni, akampa Mzee Kadeghe yai.

"Mzee, uza."

Mzee Kadeghe aliitazama pikipiki iliyokuwa ikisubiri. "Na mnunuzi wa jumla?"

"Leo tunauza rejareja."

Watu waliokwisha kuanza kuondoka walisimama. Mzee Kadeghe alikohoa. "Yai hili lina aibu kidogo," alisema. "Limekaa muda mrefu bila kuulizwa bei." Mtu akacheka, mwingine akataja bei. Yai likauzwa, likarudishwa, likauzwa tena. Bwana Senzighe, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alitaja bei kubwa kuliko zote akalichukua.

"Haya, Bwana Senzighe," Mzee Kadeghe alisema, mkono ameunyoosha. "Rudisha."

Alilishika yai kwa muda. Kisha akalirudisha. Aliyelinunua baada yake ni Mchome, kwa sarafu aliyolipwa kwa kubeba bati.

Mnada ulipokwisha, wote walikuwa bado pale. Waliteremka shuleni pamoja, na Bwana Senzighe alishika ncha ya bati, ncha nyingine akashika Mchome. Mafundi walianza kuezeka alasiri hiyo.

Mvua ilianza Jumanne. Upande wa madhabahu ulikuwa na paa. Upande wa mlango ulikuwa bado, na ukuta wake uliloa ukaanguka. Jumapili iliyofuata watu wa Mbaregha walisali wakiwa wamebanana upande wa madhabahu. Baada ya baraka Mzee Kadeghe alisimama juu ya tofali zilizoanguka, akanyanyua chane ya ndizi, na hakuna aliyeondoka.