Saa Kumi na Nusu, na Kabula Bado Yuko Ndani

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani za mababu wa mababu, ni zamani hii ya majuzi ambayo watu tayari walikuwa na simu mfukoni, palikuwa na mji mdogo kaskazini mwa Norwei. Jina lake silitaji. Nimejaribu kulitamka, ulimi ukateleza, nikaliacha huko huko. Jueni tu kwamba katika mji huo, wakati wa baridi, jua linachungulia mchana, linaona theluji, linarudi kulala. Saa tisa alasiri ni giza tupu.

Huko aliishi Nyamizi, mtoto wa Tabora, aliyefika kwa njia ndefu ambayo leo si hadithi yetu. Alikuwa na binti mmoja, Kabula, wa darasa la pili. Baba yake? Hayupo, usiniulize. Nyamizi alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawasikiliza, na kazi hiyo aliipenda kweli kweli. Sasa, shule huko inafungwa mapema, kazi inaisha jioni. Katikati hapo mtoto aende wapi? Ndipo manispaa ikaweka nyumba ya watoto kando ya shule, wenyewe wanaiita SFO. Asubuhi kabla ya kengele mtoto yuko hapo. Mchana baada ya kengele mtoto yuko hapo, anacheza, anakula, anaangaliwa. Jambo jema sana. Lakini masharti yake sasa!

Mkuu wa nyumba hiyo aliitwa Gunvor, mama mrefu wa miwani, na masharti aliyajua kuliko nyimbo za utoto wake. Saa kumi na nusu mlango unafungwa. Mtoto anahesabiwa ameondoka akishavuka kizingiti. Kidole cha mguu kikibaki ndani, huyo bado yupo. Na mtoto akikutwa ndani saa kumi na nusu, anatafutwa mwenye kosa. Likiwa kosa la mzazi, au la mtu aliyetumwa na mzazi, mzazi anaonywa, na akirudia, nafasi inakwenda kwa mtoto aliye kwenye foleni. Likiwa kosa la mfanyakazi, anaondolewa kwa watoto, anapelekwa ofisi za manispaa kupanga makaratasi. Likiwa kosa la mtoto mwenyewe, haendi na wenzake kwenye safari ya kuteleza mlimani, ile wanayoingoja mwaka mzima.

Na Nyamizi alikuwa ameshaonywa. Kisa? Bibi mmoja mgonjwa kule kazini alimshika mkono akamwambia, usiniache kabla sijasinzia. Wewe ungemnyang'anya mkono wako? Nyamizi hakuweza, basi la jioni likamwacha.

"Safari nyingine, Nyamizi," Gunvor alimwambia, wala hakumwambia kwa ubaya, "sitakuwa na la kufanya."

Nafasi ikienda, kazi imekwenda. Nyamizi alilijua hilo akiwa macho na akiwa usingizini.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo chokochoko zilipoanzia. Nyamizi theluji aliikubali. Giza alilikubali. Hata jibini ya kahawia, tamu kama peremende, aliikubali kwa shida. Lakini mambo mawili alikataa katakata kuyaacha Tabora. La kwanza, mtoto wake hafiki mahali bila kuamkia wakubwa, na haondoki bila kuaga. Kila mkubwa, ana kwa ana. La pili, mgeni hatoki nyumbani kwa mtu mdomo mkavu. Basi! Huko watoto wanamwita mkuu wao kwa jina lake kavu kavu, Gunvor, kana kwamba walicheza naye kombolela. Nyamizi aliposikia nusura azirai. Kabula akafundishwa: Bibi Gunvor. Dada Ragnhild wa jikoni. Babu Torleiv jirani. Akifika, shikamoo. Akiondoka, kwa heri, na asivuke kizingiti mpaka ajibiwe karibu tena.

Watoto wenzake wakaipenda shikamoo hiyo, we! Mzee yeyote akitokea mlangoni wanajipanga: shikamoo, shikamoo, shikamoo, na hawasogei mpaka waitikiwe marahaba. Wazee wa mji wakaanza kupita hapo bila shughuli yoyote, eti wananyoosha miguu. Ragnhild naye, yule dada wa jikoni, akalishika lile jambo la pili. Siku moja alialikwa chai kwa Nyamizi. Akasema naondoka, akawekewa chapati. Akasema nimeshiba, akaongezewa. Tangu siku hiyo akaokoka: mgeni akikanyaga jiko lake, lazima atafune.

Ikaja Jumatano moja. Jumatano ni siku ya vafeli, zile chapati za maji zinazobanwa kwenye chuma cha moto zikatoka na umbo la mioyo, zikapakwa jamu. Theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri. Nyamizi akajua basi litatambaa. Hakungoja aaibike. Akampigia simu Torleiv, jirani yao wa mlango wa pili, mzee aliyefiwa na mkewe, amkomboe. Akampigia na Ragnhild, kumjulisha nani atamchukua mtoto, kama masharti yanavyotaka. Umeona? Kila kitu sawasawa.

"Nakwenda sasa hivi na kiti changu," Torleiv akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa harusini.

Kiti chake ni kile cha kwao, kina vyuma viwili virefu chini. Mtoto anaketi, mzee anasukuma kwa mguu mmoja, na safari inateleza yenyewe. Nyamizi akashusha pumzi, akamaliza kazi yake, akapanda basi. Basi likatambaa, likatambaa, likafika mbele ya SFO. Taa zinawaka! Nyamizi akatazama saa yake. Saa kumi na nusu imeshapita. Akatazama nje. Kiti cha Torleiv kimesimama kando ya mlango, kimejaa theluji, hakina mtu. Akabonyeza kengele, akashuka, akakimbia, akaanguka, akainuka, hata hakujikung'uta.

Ndani akakuta baraza. Torleiv amesimama, jamu kwenye masharubu. Ragnhild na aproni yake, macho mekundu. Kabula ndani ya ovaroli ya theluji, kofia, skafu, glavu, mabuti, jasho linamtiririka. Na Gunvor chini ya saa ya ukutani.

"Mtoto alikuwa ndani saa kumi na nusu," Gunvor akasema. "Kesho asubuhi manispaa itaniuliza jina la mwenye kosa. Nataka jina."

Jamani, mmeshaona watu wakilikimbia kosa. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, si ndiyo? Hawa walilikimbilia.

"Kosa ni langu," akasema Torleiv. "Nilifika mapema, mlango uko wazi. Watoto wakaniamkia wote, mmoja mmoja. Nikawaitikia wote, mmoja mmoja. Walipomaliza nikawaambia, hebu rudieni, sikusikia vizuri." Akainamisha kichwa. "Nilisikia, Gunvor. Nilisikia vizuri sana. Nyumbani kwangu hakuna anayenisalimu ila redio."

Nyamizi alitaka kucheka, akataka kulia. Kosa la Torleiv ni kosa la aliyetumwa. Nafasi imekwenda!

"Hapana, kosa ni langu!" Ragnhild akaruka. "Mzee alishasema twende. Mimi nikamwambia hatoki mtu hapa mdomo mkavu. Nikamkalisha. Nikampa vafeli. Akasema inatosha, nikamwongezea. Akasema inatosha jamani, nikawasha chuma upya. Nipeleke mimi kwenye hayo makaratasi." Na aliposema makaratasi akatazama jiko lake, na michoro ya watoto iliyobandikwa kwenye friji, akafuta pua kwa aproni.

"Mwacheni Ragnhild," Nyamizi akasema. "Kosa ni langu. Hizi shikamoo nani alizileta? Huku kumlazimisha mtu kula nani alianzisha? Mimi nilichukua mambo ya kwetu nikayatia ndani ya saa ya watu."

"Wewe hukuwepo," Gunvor akasema.

"Mambo yangu yalikuwepo."

Hapo ikasikika sauti ndogo kutoka ndani ya skafu.

"Na mimi je? Mbona mimi haniulizi mtu?"

Wote wakageuka. Kabula akashusha skafu.

"Mimi nilishavaa zamani. Babu alipoanza kula, mimi nikaanza kuvaa. Nikamuaga Dada Ragnhild, akaniambia karibu tena. Akabaki Bibi Gunvor. Nikaenda mlango wa ofisi yake, nikakuta taa nyekundu inawaka. Na taa nyekundu ikiwaka tusigonge, tumekatazwa. Na kuondoka sijaaga, Mama amenikataza. Nikasimama. Nikasimama, nikasimama, joto likanishika. Babu akaja na kofia yake kichwani akaniambia twende mtoto wangu, saa bado haijagonga. Nikamwambia bado. Akanivuta mkono. Nikamwambia bado, Babu! Ningeweza kuondoka kimya kimya. Kosa ni langu. Mlimani siendi." Na alipofika kwenye mlimani akaivuta kofia hadi machoni, maana alikuwa ameshamwahidi rafiki yake kwamba watateleza wameshikana mikono.



Gunvor akavua miwani. Akaketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, na hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa kwenye simu," akasema. "Na baba wa mtoto wa kwanza kwenye foleni ya nafasi, anayeendesha gari la kuondoa theluji. Analea peke yake. Akitoka shule mtoto wake anashinda ndani ya lile gari, amefungwa mkanda, mpaka usiku. Alikuwa analia, mwanamume mzima. Sikuweza kumkatia. Nikasikia mtu anapumua mlangoni. Nikajua ni Kabula, maana kila siku lazima aniage. Nikasema kimoyomoyo, angoje kidogo." Akavaa miwani, akaivua tena. "Kwa hiyo kosa ni langu."

"Haya, sheria inasemaje kuhusu kosa la mkuu?" Ragnhild akauliza, na matumaini yakamchomoza usoni.

Gunvor akayapitia masharti kichwani, kutoka la kwanza hadi la mwisho. La mzazi lipo. La mfanyakazi lipo. La mtoto lipo. La mkuu halipo. Aliyeyatunga hakufikiri kwamba mkuu naye ana mlango, na moyo, na simu.

"Halisemwi," akajibu. "Manispaa watanirudishia jina langu. Wataniambia, taja mmoja kati ya wale wengine."

Na Nyamizi? Alimwona yule mtoto ndani ya gari la theluji, amefungwa mkanda, anatazama taa za nyumba zinapita. Akamhurumia kweli kweli. Na papo hapo, Mungu amsamehe, akaomba mtoto yule aendelee kukaa humo humo, Kabula abaki na nafasi yake. Akaona haya kwa ombi hilo. Lakini hakuliondoa.

"Twendeni," akasema mwishowe. "Mtoto atapata mafua kwa jasho hili."

Torleiv akatoka kukikung'uta kiti chake. Ragnhild akamtilia vafeli mfukoni, hata sasa, mtu huyu haponi! Nyamizi akamshika Kabula mkono, wakafika mlangoni. Kabula akasimama kabla ya kizingiti. Akageuka.

"Kwa heri, Bibi Gunvor."

Gunvor akanyanyua kichwa. Jibu analijua, analijibu kila siku, watoto wote wanalijua. Akafungua kinywa.

"Karibu..." akasema.

Lile la pili hakulitamka. Maana atamwambiaje mtoto tena, na yeye bado hajui kesho atamtaja nani?

Na Kabula mnamjua. Haondoki mpaka ajibiwe. Amesimama pale na mabuti yake, mlango wazi, theluji inaingia ndani, mama yake amemshika mkono.

Mimi nimechoka, hadithi imeniacha mlangoni kwenye baridi. Malizieni nyinyi, lakini msije mkanitajia yule mnayempenda tu. Mumtaje mzee aliyeomba asalimiwe mara ya pili, au dada aliyewasha chuma upya? Mumshike mama aliyefundisha adabu, au mtoto aliyeishika? Au mumtaje yule aliyesikia pumzi mlangoni akasema angoje, na sheria haina pa kumweka? Na mkitaja, mkumbukeni na mtoto aliye ndani ya gari.

Haya, semeni upesi, mtoto yuko kizingitini. Je, kosa ni la nani, na Gunvor amjibu nini Kabula?