Siku Nilipomnyamazisha Atupele

Chungu kizima hulia, chenye ufa hunyamaza. Ndivyo nilivyomjibu Lwitiko jana alipomcheka mwenzake wa kazini kwamba anaongea mno, na sasa mmenizunguka mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Methali hii ilianza hivi, na mkosaji ni mimi bibi yenu.

Nilikuwa kiongozi wa wanawake wafinyanzi hapa kwetu kando ya Ziwa Nyasa. Mimi si mtu wa maneno mengi, mnanijua. Atupele, mdogo kwangu kwa miaka mitano, Mungu alimpa ulimi. Kila chungu alikipa hadithi: hiki kimemrudisha nyumbani mume mtoro, hiki kikichemsha maharage majirani wote hupiga hodi. Wanunuzi walicheka, wakanunua. Mimi niliona anapoteza muda, maana akisema, mikono yake husimama. Na tuseme ukweli, nilikuwa na kijicho.

Siku moja alikuja mama mwenye mgahawa mjini, akitaka vyungu arobaini vya kupikia samaki. Tukimridhisha, angenunua kwetu kila msimu, nasi tungepumzika kubeba vyungu kichwani hadi gulioni. Atupele akamchangamkia, wakacheka, kisha akamwahidi, "Mama, wiki hii hii vyote unavyo!"

Chungu kikubwa hakikauki kwa wiki. Ingenitosha kusema, "Mwenzangu amekueleza vizuri, ila tupe wiki tatu." Badala yake nikafoka mbele ya mgeni na wenzetu wote:

"Atupele, debe tupu haliachi kuvuma! Funga mdomo, ufinyange."

Akaufunga. Kisha nikamwomba mgeni wiki tatu, akakubali, akaondoka bila kucheka tena. Atupele akawa anafinyanga kwa kuinamisha kichwa, vyungu viwili kwa siku badala ya kimoja, nami nikajisifu kwamba nimemnyoosha.

Asubuhi ya kuchoma alinifuata. "Dada, vile vyungu vya nyuma bandani..."

"Tumeanza tena?" nikamkata.

Akatazama chini, akaenda kuleta kuni.

Tukawasha moto. Haukupita muda vyungu vikaanza kupasuka humo ndani, kimoja baada ya kingine. Paa la banda lilikuwa limevuja, vya nyuma vikalowa, na aliyekuwa amekaa karibu navyo akaona ni Atupele; ndilo alilotaka kuniambia. Vilivyobaki tulivitoa vinaonekana vizima. Mama Tupokigwe, mkongwe wetu, akavigonga kwa kifundo cha kidole, kama tulivyozoea kabla ya kuuza. Kimoja kililia, mlio ukaelea. Kingine kilitoa sauti ya gogo bovu.

"Subilaga," akaniuliza, "hiki kisicholia utampa mteja?"

"Hapana, mama. Kina ufa."

"Sasa mbona mwenzako ana wiki tatu halii, nawe unafurahi? Chungu kizima hulia, chenye ufa hunyamaza. Umempasua mwenyewe, tena mbele za watu."

Nililia, wajukuu zangu. Vyungu vizima vilikuwa kumi na moja tu, na yule mama wa mgahawa hakurudi tena. Lakini hilo silo linaloniuma. Nilimwendea Atupele, nikamwomba radhi palepale mbele ya wote, maana ndipo nilipomwaibisha.

"Yamekwisha, dada," akasema.

Maneno mawili, Atupele ambaye salamu yake tu ilimaliza kahawa! Tulifinyanga pamoja miaka tisa baada ya hapo. Wanunuzi wakimwuliza habari ya chungu, alijibu, "Ni cha kupikia." Sikumsikia tena akikipa chungu hadithi, hata nilipomwomba.

Kwa hiyo, Lwitiko, huyo mwenzako mwache aseme, umsifu watu wakisikia. Akizidisha, mvute pembeni, umwambie hilo moja tu. Siku akinyamaza usishangilie, mfuate haraka kuliko nilivyofanya mimi. Chungu kizima hulia, chenye ufa hunyamaza.