Aliyeizima Taa ya Utelezi

Sogeeni karibu. Nina hadithi iliyonishinda kuimaliza, na mwenye masikio leo ataamua, hakuna kutoroka.

Huko Rungwe juu, ambako mvua haina likizo, waliishi watu watatu wenye vipaji. Ambakisye, fundi magari, alikuwa na mashine ndogo ya kusoma magonjwa ya gari. Anyosisye, fundi cherehani, alikuwa na vidole vinavyouona uzi uliokatika kabla ya macho. Bibi Tusajigwe, msuka mikeka, alikuwa na kamba yake ya kupimia, na ulimi. Ulimi huo nitaurudia.

Wote walikuwa watu wa Atuganile: Ambakisye kaka yake, Anyosisye wifi yake, Bibi mama mkwe wake. Atuganile alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na kilima cha kuifikia kilikuwa tope tupu. Gari lilikuwa moja tu, la mumewe Lusekelo, na kwenye dashibodi yake iliwaka taa ya njano: kigari kidogo chenye mikia miwili ya kupindapinda. Maana yake, kile kinachozuia magurudumu yasizunguke bure kwenye utelezi kimelala.

Mnajua Lusekelo alifanyaje? Alibandika plasta juu ya taa.

"Nimeifunga, mke wangu. Usiwe na wasiwasi."

"Umeifunika tu, hujaitibu," Atuganile akasema, akaibandua.

Wiki hiyohiyo gari likateleza kilimani, likarudi nyuma hadi kwenye migomba, yeye akiwa ndani ameshika tumbo. Alilia sana siku ile. "Sipandi tena taa hii ikiwaka," akaapa. "Na atakayeizima, mwanangu ataitwa jina lake."

Ambakisye akaja wa kwanza. Akachomeka mashine yake, akaeleza kwamba kila gurudumu lina sensa.

"Kumbe siku hizi serikali inahesabu hadi magurudumu?" Bibi akauliza.

"Hapana, mama. Hii inahesabu mizunguko. Gurudumu moja likinyamaza, au likitoa hesabu tofauti na wenzake, taa inawaka."

Mashine ikataja gurudumu la mbele kulia. Sensa yake ilikuwa imegandwa na tope na vumbi la chuma. Ambakisye akaisugua kwa mswaki, akairudisha. Taa ikazimika, wakashangilia. Siku ya tatu ikawaka.

Akaja Anyosisye. Safari hii mashine ilitaja mbele kushoto, lakini sensa ilikuwa safi. Asubuhi nzima alichuchumaa kwenye tope, Lusekelo akizungusha usukani, yeye akipitisha vidole kwenye waya kama anayetafuta mshono ulioachia. "Hapa," akasema. Nje waya ulikuwa mzima. Ndani ulikuwa umekatika, ukigusana na kuachana. Wakauunga. Taa ikazimika wiki nzima, kisha ikawaka.

Sasa turudi kwenye ule ulimi. Kwa miaka minane Bibi hakuwahi kumwita Atuganile mwanangu. Alimwita "mke wa Lusekelo", na siku mbaya alisema maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Siku taa ilipowaka tena, alimkuta Atuganile amekaa mlangoni analitazama gari, machozi yanamtoka. Bibi akalisogelea gari. Akachukua kamba yake, akapiga yale magoti yake yanayouma, akalizungushia kila tairi kamba na kuifunga fundo.

"Hili la nyuma ni dogo kwa vidole vinne," akasema. "Si mlisema zinahesabu mizunguko? Dogo si litazunguka mara nyingi zaidi?"

Ambakisye akajishika kichwa. Lusekelo akatazama pembeni, maana tairi lile la mtumba alilifunga yeye bila kusoma namba zake. Wakafunga la akiba, lililolingana na mengine. Taa ikazimika, ikabaki imezimika hadi siku ya uchungu.

"Panda, mwanangu," Bibi akasema siku hiyo.

Wote wakajazana garini, mvua ikimwagika. Katikati ya kilima gari likaanza kuteleza, na ile taa ikapepesa. Atuganile akapiga kelele.

"Ikipepesa hivyo ndiyo inafanya kazi, mdogo wangu!" Ambakisye akamwambia.

Magurudumu yakashika, gari likapanda. Mtoto wa kike akazaliwa, kitovu kimemzunguka shingoni. "Mngechelewa kidogo," mkunga akasema, "tusingekuwa tunacheka hapa."

Akaleta fomu. "Jina moja tu, mama."

Kwetu majina hayachagui mvulana wala msichana, kwa hiyo hapo hakuna pa kujifichia.

"Bila mashine yangu mngepapasa hadi leo," Ambakisye akasema.

"Na ule waya ungeachana palepale kilimani," Anyosisye akasema.

"Tairi nilinunua mimi," Lusekelo akajaribu. Wote wakamcheka.

Bibi akawa wa mwisho. "Ninyi mliizima, ikawaka. Mimi nilipoizima, ilizimika." Kisha akamgeukia Atuganile. "Lakini mwanangu, usimpe mtoto jina la mdomo uliokuumiza."

Atuganile akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuandika. Mimi mmoja wao nampenda zaidi, na simtaji.

Fomu iko kitandani na mtoto analia, hana hata jina la kubembelezewa. Je, wewe uliyenyamaza muda wote, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandika nani?