Hatamu ya Umande

Hapo zamani, farasi walipokuwa bado wakishindanishwa Nakuru, palikuwa na joki aitwaye Kipsanai arap Metto. Miaka kumi na tisa alipanda farasi, na miaka kumi na tisa alilala na njaa ili mizani isimkatae kwa uzito. Sasa magoti yalikuwa yamekwisha. Ilibaki mbio moja tu, na alipangiwa Umande, farasi jike mwekundu ambaye yeye mwenyewe alimzoeza tandiko.

Zizini mwao kulikuwa na desturi: farasi akifa mashindanoni, hatamu yake hutundikwa mlangoni mwa aliyemponza, ikae hapo mpaka ngozi ioze.

Asubuhi ya mbio, saisi Ndirangu wa Gathuku, mtunza farasi, alipapasa mguu wa Umande, akahisi joto, dalili ya kuumia. Akanyamaza. Mwezi uliopita alisema mguu wa farasi mwingine una joto, akachekwa: "Ndirangu, kiganja chako ndicho chenye homa!"

Mchana, mkufunzi, Bwana Lockyer, aliona mguu umevimba kidogo. Akaumwagia maji baridi, akaufunga bendeji mpaka uvimbe ukapungua. Akanyamaza. Mwenye farasi alikuwa ameleta wageni waje kumtazama akikimbia.

Alasiri, wakielekea kwenye mstari wa kuanzia, Kipsanai alihisi Umande anachechemea, kidogo tu, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni. Joki akiinua mkono, mbio hungoja na daktari wa mifugo huja kumtazama farasi. Kipsanai hakuinua mkono.

"Mara hii tu, mama," alimnong'oneza. "Kisha tupumzike sote."

Umande aliongoza mpaka kona ya mwisho. Hapo mguu ukavunjika. Daktari akaja na bastola kumkatisha maumivu.

Jioni walisimama watatu zizini, hatamu mkononi mwa Kipsanai.

"Mimi nilihisi joto tu," alisema Ndirangu. "Aliyeona uvimbe ni Bwana."

"Mimi niliona uvimbe tu," alisema Bwana Lockyer. "Aliyekuwa mgongoni ni wewe, Kipsanai."

"Nilikuwa mgongoni," alisema Kipsanai. "Lakini ninyi mliujua mguu kabla yangu, mkaniacha nipande. Mngeniambia neno moja, ningeshuka."

"Ungeshuka, mzee?" aliuliza Ndirangu. "Leo?"

Hatamu ilikuwa bado mbichi kwa jasho la Umande.

Nyundo ipo, msumari upo, milango ni mitatu. Je, ninyi mnaosikiliza, mngeipigilia mlangoni mwa nani?