Chura wa Gunia

Chura wa gunia hamwimbii aliyembeba. Mmeisikia leo hapa mashineni, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Mwenye mashine kaisema kwa sababu ya yule mgombea wa ushirika aliyejaza watu kwenye lori waje kumpigia makofi. Wakala pilau yake, wakafuta midomo, kisha kura wakampa mwenzake. Imekaa mahali pake. Lakini haikuzaliwa kwenye uchaguzi, na chura wake hakuwa wa mfano. Alipita juu ya mguu wangu huu. Kaeni basi, foleni ya kukoboa bado ndefu.

Methali hii ilianza hivi.

Bonde letu hili la Luhanda lilikuwa na kiwanda cha ngozi, juu kidogo ya daraja. Ngozi mbichi hupakwa chumvi isioze, kisha hutiwa chokaa ili manyoya yatoke, na maji ya kuoshea hayo yote lazima yaende mahali. Yalikuwa yakienda mtoni. Si kwa wizi. Kiwanda kilikuwa na kibali cha kutiririsha majitaka, na kibali kilitaja kiwango cha chumvi kisichoruhusiwa kuzidishwa. Mwaka ule meneja, Bwana Mwaluko, akaiomba ofisi ya serikali inayosimamia mito ilegeze kiwango hicho. Ngozi zilikuwa zimemiminika na bwawa la kusafishia maji halijakamilika. Alitaka mwaka mmoja tu, alisema, amwage maji yenye chumvi zaidi. Asipopewa, angefunga geti na wanaume wa bonde wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Miongoni mwa wanaume hao alikuwamo Shomvi, mpakiaji wa ngozi. Mkewe, Siwema, alilima mpunga kando ya mto, shamba lake likipakana na langu. Nyumba yao ilisimama kwa miguu miwili, mshahara wa mume na mpunga wa mke, na mwaka ule miguu yote miwili ilikuwa inatetemeka.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana nyinyi mnapanda kwa kusikiliza redio. Sisi tulipanda kwa kusikiliza vyura. Mvua za kwanza zikinyesha hatukugusa mbegu. Tulingoja jioni ambayo vyura wa ng'ambo hii wangeimba na wa ng'ambo ile wakawajibu. Wakishajibizana, kila nyumba ililoweka mbegu yake hapohapo. Na mbegu ikishalowekwa haina kurudi ghalani. Uipande, au ikuozee.

Mwaka ule mvua zilinyesha, na vyura hawakuimba.

Jioni tulikaa vibarazani, mikono mapajani, tukisubiri. Mvua ikikatika palibaki kimya kizito, hata ungemsikia jirani akimeza mate. Watoto wakaanza kunong'ona bila kuambiwa na mtu. Ng'ombe walifika ukingoni wakanusa, kisha wakarudi kinyumenyume, macho yao yakiwa mtoni, kama wanaoogopa kuupa mgongo. Niliogopa, wajukuu zangu. Nimewahi kuiona njaa na sikuiogopa hivyo. Siku za mvua zikawa zinapita na mbegu zetu kavu zimo ghalani.

Ndipo akaja Bi Selina Mbunda kutoka ile ofisi ya mito, kulikagua ombi la kiwanda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na buti za mpira, asiyependa kukalishwa kwenye kiti cha mbele. Tukamweleza habari ya kimya. Meneja akacheka.

"Mama, wahenga walisema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Bwana Meneja," Siwema akamjibu, "sisi hatukuja kushtaki kelele. Tumekuja kushtaki kimya. Na hao ng'ombe hawanywi."

Bi Selina hakucheka. "Vipimo vya kiwanda nimevisoma," alisema. "Lakini kanuni yetu iko wazi. Mto usio na uhai hauongezewi mzigo. Nitalala hapa kijijini, tutakaa kikao kesho kutwa. Nikiona mto bado unaishi, ombi litazungumzika."

Aliyasema hayo mbele ya meneja. Mwindaji haambiwi tundu la sungura liko wapi.

Kesho yake, jua likizama, vyura wakalia.

Siwema alikuwa anapepeta. Aliacha ungo ukaanguka, akatoka nje akipiga vigelegele. "Wameimba! Jamani, wameimba!" Machozi yalimtoka, nasi yakatutoka. Ni kweli kulikuwa na jambo. Sauti zilitoka mahali pamoja tu, chini ya daraja, na ng'ambo ya pili haikujibu. Tena zilianza zote kwa pamoja, zikakatika zote kwa pamoja, mfano wa mtoto aliyezibwa mdomo. Lakini mwenye kiu haulizi maji yametoka wapi. Tukaloweka mbegu, nyumba hadi nyumba, mpaka bonde zima likanuka mpunga mbichi.

Shomvi alirudi mabega yake yameloa. Alikuwa na magunia matupu, akayaanika kwenye ua, kwani nani hutupa gunia zima? Kisha akaona ndoo.

"Umeloweka mbegu?"

"Nimeloweka."

"Zote?"

"Zote, mume wangu. Kwani hukuwasikia?"

Siwema alinisimulia baadaye kwamba mumewe aliishika ile ndoo muda mrefu, kama anayetaka kuimwaga, kisha akaiweka chini. Chakula hakukigusa.

Asubuhi tukakusanyika chini ya turubai kando ya daraja. Mvua ya usiku ilikuwa imekwisha na mawingu yamelala chini chini juu ya bonde. Meneja alikuwa na uso wa bwana harusi.

"Mama, jana umewasikia kwa masikio yako."

"Nimewasikia," alisema Bi Selina.

"Basi mto unaishi."

Bi Selina alikuwa bado hajajibu pale mwanamke mmoja alipoinua miguu yake kutoka chini, taratibu, bila kupiga kelele. Kisha wa pili. Nikatazama chini.

Vyura walikuwa wanatoka mtoni. Hawakuruka. Nimekulia kwenye mpunga, na chura namjua, huruka. Hawa walitembea, mguu mmoja mmoja, matumbo yakiburuta kwenye tope, ngozi zao zimepauka kama mkono uliokaa kwenye maji ya chokaa. Midomo yao ilikuwa imefumbwa. Walipita chini ya meza, wakapita juu ya viatu vya meneja, mmoja akapanda juu ya mguu wangu na kushuka upande wa pili bila kunijali. Alikuwa na joto, na chura huwa wa baridi. Walikuwa mamia, na hakuna hata mmoja aliyelia.

Walishika njia ya kupanda kijijini.

Bi Selina alisimama wa kwanza akawafuata. Sote tukafuata nyuma, watu wazima na akili zetu, tukitembea mwendo wa vyura, hakuna aliyethubutu kuwapita. Hata mbwa waliotuona walijibanza kwenye kuta. Njia ikakata kushoto, na Shomvi, aliyekuwa kati yetu, akaanza kupumua kwa sauti.

Walikwenda moja kwa moja hadi uani kwake. Yale magunia yalikuwa yameangushwa na mvua, yamelala chini yamefumbua midomo. Chura wa kwanza akaingia. Wa pili akaingia. Waliingia mmoja baada ya mwingine mpaka magunia yakavimba, yakatikisika kidogo, kisha yakatulia.

Bi Selina alichuchumaa, akashika ukingo wa gunia, akanusa vidole vyake.

"Tope la kinamasi, si la mto huu," alisema. "Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi. Mtoni mwenu ngozi yake inaungua kwa chumvi, ndiyo maana ametafuta mahali palipobaki na maji ya kwao." Akainuka. "Magunia haya ni ya nani?"

Meneja alisema vyura ni viumbe vya Mungu, huenda wanakotaka. Hakuna aliyemgeukia. Siwema alikuwa anamtazama mumewe.

"Shomvi. Jana nililoweka mbegu, ukaiona ndoo."

"Niliiona."

"Ulijua?"

Mwanaume yule alilia mbele ya watu. "Mke wangu, niliambiwa geti litafungwa. Nikaambiwa ni vyura tu, nikawatoe kwenye kinamasi cha ng'ambo ya mlima, waimbe jioni moja, mama wa serikali asikie, basi. Sikujua kwamba nanyi mtasikia."

Hilo ndilo lililotuuma. Alizaliwa hapa, akala mpunga wa hapa, na siku ile alisahau kwamba bonde zima lina masikio.

Bi Selina alitoa uamuzi palepale uani. Ombi limekataliwa, na mfereji wa kiwanda uzibwe siku hiyohiyo, usifunguliwe mpaka bwawa likamilike na mto upimwe upya. Meneja alifunga geti kama alivyoapa, na wa kwanza kuachishwa kazi akawa Shomvi. Sisi zile mbegu tulizipeleka kwenye vitalu mlimani, tukavinywesha maji ya mvua kwa sufuria na makopo. Mbegu nyingi zilioza, chache zikaota, na mwaka ule tulikula mihogo hadi meno yakachoka. Bwawa lilipokwisha geti lilifunguliwa chini ya meneja mwingine. Vyura wetu walichelewa sana kurudi, lakini walirudi wenyewe, bila kubebwa na mtu.

Ila yale magunia. Siku ileile Siwema alimwambia mumewe, "Wabebe. Uwarudishe ulikowatoa." Naye akamfuata nyuma, kwa sababu hakuamini tena kitu asichokisikia mwenyewe.

Shomvi alivuka mlima akiwa na mzigo mabegani, akarudia na mwingine, na mwingine. Huko kinamasini akafungua magunia yote. Vyura wakaingia majini, wakazama mpaka macho, wakakaa hivyo wakimwangalia. Alisimama kwenye tope akisubiri. Jua likashuka. Wadudu walilia, ndege walilia, vyura hawakulia.

"Imbeni basi," aliwaambia. "Nimewarudisha."

Kimya.

Akageuka akaanza kupanda, hadi alipomfikia mkewe juu ya mlima. Walipokwisha kuvuka kilele na kuanza kushuka, nyuma yao chura mmoja akaita. Mwingine akajibu kutoka ng'ambo. Kisha kinamasi kizima kikajibizana, wimbo mzima ule tuliokuwa tumeungoja msimu wote. Shomvi akasimama. Akarudi kileleni hatua chache tu, ili asikie vizuri.

Wakanyamaza, wote.

Akarudi kwa mkewe. Wakaimba tena.

Siwema alimwangalia mumewe jinsi alivyosimama na magunia matupu mkononi, na hasira zote alizokuwa nazo zikamwisha, ikabaki huruma. Akamshika mkono waende nyumbani.

"Twende, baba," alimwambia. "Chura wa gunia hamwimbii aliyembeba."