Jina Moja Ukingoni mwa Beringi

Haya, tegeni masikio, nina kesi na sina hakimu.

Shinyanga palikuwa na Lushinge, fundi mwenye kipaji cha kugumisha chuma. Beringi zake, zile pete za chuma zinazozungukia mhimili wa mashine, alizizika kwenye unga wa kwato zilizochomwa, akazipika tanurini kutwa nzima, kisha akazizamisha katika mafuta ya pamba. Zilikuwa haziliki! Serikali ikampa hataza, hati ya kwamba ubunifu ni wake.

Mwenye kiwanda mmoja akaiga, kisha akaenda mahakamani kudai kwamba yeye ndiye aliyeanza, hivyo hataza ihamie kwake. Ingehamia, Lushinge asingeruhusiwa kuwasha hata tanuri lake mwenyewe.

Lushinge naye akamshtaki kwa kuiga. Hakimu akamwambia, "Fundi, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Nionyeshe kwamba ulimtangulia, kwamba siri yako ilimfikia, na kwamba anaitumia."

Lushinge akatoka kwenda kutafuta mashahidi.

Bi Minza, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na beringi ya kwanza kabisa ya Lushinge, pamoja na risiti ya miaka kumi na moja iliyopita. Aliifungua mashine yake katikati ya mavuno, akaitoa. "Chukua, fundi. Wateja wataniudhi, lakini wewe hukuwahi kuniudhi." Mahakama ikakaa na beringi ile msimu mzima, na mashine ikalala.

Mwinshehe, Mzaramo mwenye bucha, ndiye aliyempa Lushinge kwato, na ni mtani wake. Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, mdomo uliponza kichwa. Kila mteja nilimwambia, 'Yule Msukuma wangu anakinywesha chuma supu ya kwato!' Bwana huyu wa kiwanda alicheka, kisha akauliza, inapikwa muda gani? Nikamwambia." Ukumbi mzima ulicheka. Yeye alikuwa analia.

Shigela, mchochea tanuri wa kiwanda kile, aliulizwa swali moja huku tajiri wake akimkazia macho: mnagumishaje? "Kwa kwato na mafuta ya pamba. Mimi ndiye ninayezisaga." Siku hiyohiyo akafukuzwa kazi.

Hakimu akampa Lushinge ushindi. "Kati ya yale matatu, lingekosekana moja," akasema, "fundi angeshindwa."

Lushinge alipita nyumba kwa nyumba kushukuru. Akaahidi kwamba beringi zake zote zitachapwa jina la aliyemwokoa. Lakini ukingo ni mwembamba, linaenea jina moja tu.

"Weka la Shigela," alisema Bi Minza. "Weka la Bi Minza," alisema Shigela.

"Weka langu, Msukuma!" alidakia Mwinshehe. "Bila mdomo wangu ungeshinda kesi gani?"

Lushinge akacheka mpaka machozi yakamtoka, nyundo mkononi, beringi mbele yake.

Haya, ndugu zangu, nyundo ninawakabidhi ninyi. Mtagonga jina la nani?